Bitutu, Aliyelamba Bahasha ya Kwanza

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo hapa redioni tunamkumbuka Bitutu, mke wa Oyaro na fundi wa gundi wa hapa Migori. Gundi ya bahasha. Wengi wenu mmeilamba bila kumjua.

Bitutu alinunua muhogo Kehancha, akautoa wanga. Sasa wanga ukiupika hivihivi ni uji, kesho umechacha. Yeye aliunyunyizia asidi iliyotiwa maji mengi, kijiko kimoja tu, kisha akaukaanga akikoroga hadi ukawa rangi ya chai ya maziwa. Hapo si uji tena. Unayeyuka kwa maji baridi na kung'ang'ania karatasi kama mgeni aliyesikia kuku anachinjwa. Kazi hiyo alijifunzia kiwandani Kisumu. Kijiko kimoja, wasikilizaji. Kishikeni hicho.

Kila alipopika, bahasha ya kwanza aliilamba mwenyewe. Ijumaa moja ya mwaka 1995 hakulamba. Jua lilikuwa linazama, Sabato inaingia, na yeye Msabato wa kweli. Bahasha mia tatu zikaondoka mbiombio kwenda Uriri kwa Mwalimu Walter, za ripoti za wanafunzi.

Jumamosi asubuhi, amevaa nguo za kanisani, akasogeza kopo la gundi. Kidole kikanata, akakilamba. Ulimi ukawaka.

"Baba Nyasuguta," akamwita mumewe, "jana uligusa wanga wangu?"

"Nilikusaidia tu. Ulikuwa na mteja, nikakuwekea ile asidi."

"Na mimi nilikuwa nimeshaweka."

Vijiko viwili. Bitutu akapanda baiskeli ya boda boda, waumini wenzake wanamwona akiligeuzia kisogo kanisa. Aliniambia, "Mama, njia nzima niliona ndimi tu. Ya mwalimu, ya mkewe, za watoto."

Alimkuta Mwalimu Walter mezani, ulimi nje.

"Umelamba ngapi?"

"Kumi na moja," akasema, na hiyo moja ilitoka imevimba.

Akamsukutulisha maji, akamnywesha maziwa. Siku tatu alirudi Uriri kumchungulia, hali, halali. Wanafunzi walisema shule haijawahi kuwa tamu hivyo. Siku ya nne, akiwa langoni, akamsikia mwalimu akimfokea mtu darasani, sauti safi. Bitutu akakaa chini, akalia.

Tangu hapo, Sabato iingie isiingie, ya kwanza alilamba yeye.

Ametutoka Jumanne, baada ya kuugua siku chache. Jana Oyaro aliniletea tangazo la mazishi nilisome hapa. Bahasha wazi.

"Mbona hukuifunga, shemeji?"

"Gundi ni ile yake ya mwisho. Aliugua kabla hajailamba."

Pole, Oyaro. Pole, Nyasuguta, na jamaa wote. Nawe unayenisikiliza, kile unachomuuzia jirani yako, umekionja?

Hiyo bahasha niliilamba mimi. Ni tamu kidogo. Na ulimi wangu, mnausikia wenyewe, safi.