Walimpigia Mume Wangu Simu Aje Kuchukua Mwili Wangu

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena na tena, maana huyu anayesimama mbele yenu asubuhi hii aliwahi kupewa pole kwa kifo chake mwenyewe. Naitwa Anna Petro. Petro ni jina la baba yangu, mtu wa Mpwapwa. Sikuchukua jina la mume nilipoolewa, na huenda ndiyo sababu haya yakanipata, maana akina Anna Petro duniani ni wengi. Mume wangu Yona yule pale nyuma, amembeba mtoto. Amesema yeye hawezi kusimulia bila kulia, kwa hiyo nisimulie mimi.

Ndugu zangu, tulikuja nchi hii ya Marekani Yona akiwa mwanafunzi. Akacheza ile bahati nasibu ya viza, kama wengi wenu mlivyocheza, na jina lake likatoka! Tulishangilia mpaka jirani wa chini akagonga dari lake kwa ufagio. Tukaaplai grinkadi, ile kadi ya ukaazi wa kudumu, yeye na mimi mkewe pamoja. Wanaoijua bahati nasibu wanajua kwamba ina mwisho wake. Septemba ikiisha hujapewa, imekwisha. Hakuna "njooni mwakani". Na Yona alikuwa ameshamaliza masomo. Tukikosa, tunafunga mizigo.

Wakati tunasubiri nikapata kibali cha kazi, nikaanza kufungasha bidhaa kwenye ghala moja pale Landover. Siku moja kisu cha kukatia maboksi kikanichana kiganja. Wakanikimbiza hospitali ya karibu, nikashonwa, nikaacha jina langu, namba yangu ya serikali na simu ya mume wangu. Kidonda kikapona, nami nikasahau.

Ikafika mwishoni mwa Agosti. Jumamosi, mchana kweupe, ninasukuma chapati jikoni. Simu ya Yona ikalia. Alikuwa mwanamke wa hospitalini, sauti yake ya upole sana. Akamwambia, pole kwa msiba, mkeo Anna Petro ametutoka, je, utakuja lini kuuchukua mwili?

Yona alinigeukia. Macho yale sitayasahau. Alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, kama mtu anayehakikisha. Akasema, "Mama, mke wangu yuko hapa, anasukuma chapati." Akanipa simu. Nikasema, "Mimi ndiye Anna Petro." Nikamsikia yule mama akivuta pumzi, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Una uhakika?"

Tulijaribu kucheka. Lakini zile chapati hazikulika.

Jumatatu tukapiga simu hospitali. Wakasema watarekebisha, tusiwe na wasiwasi. Kumbe habari ilikwishatoka mlangoni na inatembea. Mtu wa kwetu anayefanya kazi hospitalini aliona jina, akamwambia mwenzake, mwenzake akapiga simu nyumbani. Siku chache baadaye nikiwa dukani natafuta unga wa sembe, nikakutana na dada mmoja tunayefahamiana toka Dodoma. Nikamwita. Aligeuka, akaniona, akaacha kikapu chake palepale sakafuni, akatoka nje anarudi kinyumenyume. Nami nikamfuata ili nimweleze. Ndugu zangu, ule mlango wa duka, ule unaofunguka wenyewe mtu akikaribia, ulikuwa umemfungukia yeye. Mimi nilipofika haukufunguka! Nikasogea, nikarudi, nikapunga mikono. Haukufunguka. Nilisimama pale mpaka mzee mmoja alipokuja, ukamfungukia, nikapita nyuma yake.

Kazini nako kadi yangu ya getini ikakataa. Msimamizi akaenda kuangalia kwenye kompyuta, akarudi amebadilika sura. Akaniambia nirudi nyumbani kwanza, watanipigia. Alikuwa anaongea nami huku anaangalia ukuta.

Nikampigia mama yangu Mpwapwa. Akapokea.

"Mama, shikamoo. Ni mimi, Anna."

Nyuma yake nasikia watu wengi, nasikia sufuria, nasikia wimbo wa msiba. Wapendwa, nilikuwa nausikiliza msiba wangu.

"Wewe ni nani unayechezea uchungu wangu?" akasema.

"Mama, mimi sijafa. Wamekosea jina."

"Anna wangu tumemlilia tangu juzi. Siku hizi wafu nao wana simu?"

Nikamtajia jina alilokuwa akiniita utotoni, ambalo hakuna mtu mwingine alilijua. Nilidhani hapo ataniamini. Mama akapiga yowe. "Hata mizimu inajua hayo!" Akakata. Nilipopiga tena hakupokea.

Nawaambia ukweli wa moyo wangu. Nikaanza kuogopa kujitazama kwenye kioo. Nilikuwa namwita Yona kutoka chumba cha pili ili nione kama ataitika. Akichelewa kidogo, mwili wote unakuwa baridi. Nikiombewa hapa kanisani, mkono wa mwombaji naukuta wa moto kupita kiasi, nami najiuliza, ni mkono wake ulio moto au ni mimi niliyepoa?

Katika hali hiyo tukaitwa kwenye intavyuu. Tulivaa nguo zetu za kuendea harusini, zile nzuri, tukapanda gari mpaka ofisi ya uhamiaji kule Baltimore. Afisa alikuwa mtu mzima, mwenye adabu. Akatukaribisha, akafungua faili, akatazama kompyuta yake, akatazama tena. Kisha akamwambia Yona kwa huruma kabisa, "Bwana, pole. Ulifiwa na mkeo lini?"

Mimi nimekaa kiti cha pili, wapendwa! Goti langu linagusa goti la Yona!

Yona akasema, "Mke wangu ni huyu." Yule afisa akanigeukia, na huruma ikaondoka usoni. Akasema kumbukumbu za serikali zinaonyesha Anna Petro, mwenye namba hii na tarehe hii ya kuzaliwa, amefariki. "Kwa hiyo, mama," akaniuliza, "wewe ni nani?"

Nikatoa pasipoti. Akasema pasipoti ya marehemu mtu anaweza kuitumia. Nikatoa picha za harusi. Akasema hawezi kusaini chochote mpaka ijulikane kwa hakika ni nani aliyekufa hospitalini. Mtu anayemfahamu marehemu aje aseme. Na Septemba ilikuwa imeshafika katikati.

Jumapili iliyofuata nililala kifudifudi hapa madhabahuni nikilia. Mama Furaha akaja akakaa sakafuni karibu yangu. Mnamjua Mama Furaha, mtu wa Uvira kule Kongo, haogopi kusema neno. Akaniuliza, "Weye unalia juu ya makaratasi. Na ule mama mwenye alikufa, nani alimulilia?"

Nikainua kichwa. Ndugu zangu, katika siku zote hizo sikuwa nimewaza kwamba kuna mtu aliyekufa! Niliwaza kosa tu. Nilimwaza kama doa kwenye jina langu. Mama Furaha akaendelea, "Iko wapi? Banamufanya nini? Hospitali inasema ndugu yake ni bwana yako. Basi muende, muwe ndugu."

Hapo ndipo Bwana alipoanza kunifungua.

Kesho yake tukaenda. Wala hawakutuzuia, kwa sababu kwenye faili lake, ambalo hawakuwa wamelirekebisha, ndugu ni Yona, na walikuwa bado wanamsubiri. Mtunza chumba cha maiti akavuta ile droo. Miguuni kulikuwa na kibandiko chenye jina langu na siku niliyozaliwa. Yona alitaka nigeuke nisitazame. Nikatazama. Alikuwa mwanamke mkubwa kunizidi, mweusi wa kung'aa, nywele zimesukwa twende kilioni, mistari imenyooka. Hatukufanana hata kidogo. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Shikamoo, dada." Lilikuwa jambo la ajabu kumwamkia, lakini sikujua la kusema. Na tangu nilipomgusa, ile baridi ya mwilini mwangu ikatulia.

Mtunza chumba akatwambia gari la wagonjwa lilimchukua kutoka kituo cha basi Greenbelt, alikoanguka ghafla. Tukaenda kituo kile tukauliza madereva. Mmoja akamkumbuka: yule mama wa kilemba, alishuka hapa kila asubuhi, akaingia kwenye zile nyumba za zamani nyuma ya miti. Tukaanza kugonga mlango baada ya mlango.

Mlango mmoja haukuwa umefungwa. Nilipogonga ukasogea, na ndani sauti ya bibi kizee ikaita, kwa Kiswahili! Kiswahili cha polepole, kila neno limesimama peke yake. "Anna? Ingia, binti yangu. Umekawia sana."

Yona akanishika bega.

Tukaingia. Alikuwa bibi Mmarekani mweusi, mwalimu mstaafu, ameketi dirishani, macho yake yamefunikwa na ukungu wa uzee. Jina lake Bibi Lorraine. Kiswahili alijifunza ujanani kwa kukipenda tu, na Mungu akampa uzeeni mwanamke wa kuongea naye, aliyekuja kumwogesha na kumpikia. Alipoacha kuja, Bibi aliwapigia simu wakala wa wahudumu waliomleta. Wakamwambia labda ameacha kazi. Hakuamini. Kila asubuhi alimwomba jirani amwachie mlango bila ufunguo.

"Bibi," nikasema, "mimi naitwa Anna, lakini siye Anna wako."

Akageuza uso kuifuata sauti yangu. "Anna wangu yuko wapi?"

Wapendwa, mimi niliyetangazwa kufa ndiye niliyepewa kazi ya kupeleka habari ya msiba. Nikapiga magoti nikamwambia. Hakulia palepale. Alipapasa mpaka akaupata uso wangu, akaushika kwa mikono miwili. Halafu akauliza, "Amezikwa?"

"Bado, Bibi."

Nikamweleza na shida yetu, na Septemba inayokwisha. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nitakuja kusema mbele ya mtu yeyote. Lakini tumzike kwanza. Yeye ametangulia kungoja."

Tukiwa njiani Yona akasimamisha gari pembeni. "Anna, tukimzika kwa jina hilo kabla faili halijarekebishwa, mimi mume wako nitakuwa nimesaini kwamba nimekuzika. Nani atatuamini tena?" Alisema kweli. Na mimi niliogopa. Lakini nikamwambia, "Kama Bwana ananijua, atanijua hata nikiwa nimesimama juu ya kaburi langu." Yona akawasha gari.

Kanisa hili lilibeba msiba ule kama wa mtoto wake. Wengi wenu mlikuwepo. Watanzania, Wakenya, Wakongo, mliimba kila mtu kwa lafudhi yake. Mnakumbuka mchungaji alipotaja, "Anna Petro, tunakurudisha mavumbini," jinsi baadhi yenu mlivyonitupia macho? Niliona. Na ubao ule mdogo wenye jina langu ukiwa umechomekwa ardhini mbele ya miguu yangu! Nilingoja ile baridi irudi. Haikurudi! Nililia machozi ya moto, nikamlilia dada yangu kwa jina lake, na kadiri nilivyomlilia ndivyo nilivyojisikia hai. Bibi Lorraine alitupa udongo kwa mkono wake, akasema, "Kwaheri, Anna wa Kigoma, binti wa Petro na Mariamu." Hapo ndipo wengi tulipojua alizaliwa wapi na mama yake alikuwa nani.

Baada ya mazishi Bibi akaenda na Yona hospitalini na mkongojo wake, akasema yote kwa kiapo: umri wa marehemu, alikotoka, akatoa na picha yao wakiwa wamekaa bustanini. Hospitali wakakiri kwamba walichanganya mafaili ya watu wawili wenye jina moja, wakatuma sahihisho serikalini. Tukarudi Baltimore Septemba imebaki kidogo mno. Afisa yuleyule. Akasoma. Akamsikiliza Bibi Lorraine. Akatazama kompyuta kwa muda mrefu. Kisha akagonga mhuri kwenye pasipoti ya Yona. Akachukua yangu. Akagonga. Akanipa mkono, akashangaa kidogo, akasema, "Mkono wako una joto." Haleluya!

Nilipopata kadi nilisafiri nyumbani. Mama alitoka nje akasimama mbali nami. Aliniambia nile kwanza, aone. Nikala ugali wote na mlenda mbele ya ukoo mzima. Nilipomaliza na kuomba maji, mama akanijia mbio.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu. Nawashukuru ninyi, na Mama Furaha, na Bibi Lorraine ambaye sasa naye amelala karibu na rafiki yake. Kuna mtu hapa leo ambaye kila dirisha la ofisi analokwenda anaambiwa hayupo. Anaanza kuamini hivyo. Namsihi amtegemee Yesu. Na asibaki kwenye kiti chake akiona haya. Apite hapa mbele, mchungaji yuko tayari. Njoo, mpendwa. Tuambie unaitwa nani, nasi tutalitaja jina lako kwa sauti.