Karoti Zinazofukiwa Bréquemont

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Bi Ghislaine Daubresse, Bwana Meya, mabibi na mabwana wa Idara ya Afya mliotuletea maonyesho haya, na ninyi majirani zetu wa Nyumba za Safu:

KARIBU

Karibu Bréquemont. Mvua imekunyeshea toka garini hadi mlangoni, na tope la uwanja wetu limeharibu viatu vyako. Tunaomba radhi kwa tope. Umekuja kufungua Wiki ya Lishe Bora, nasi tumepewa dakika kumi. Bwana Meya alituomba tuseme mambo ya furaha. Tutajitahidi, na tukishindwa asilaumiwe yeye.

Mbele yako, mezani, kuna karoti, nyanya, liki na kichwa cha koliflawa. Vyote ni vya plastiki. Asubuhi watoto wa darasa la tatu walipopitishwa hapa, msichana mmoja aling'ata karoti. Mwalimu akamwambia, "Acha, mpenzi, hiyo ni ya kuangalia tu." Juu ya meza hiyo kuna bango kubwa lenye maneno haya: KULA VIZURI NI UAMUZI WAKO.

Mheshimiwa, mita mia sita kutoka hapa, nyuma ya kituo cha zimamoto, kuna hekta kumi na nne za karoti za kweli. Hizo nazo, tangu tarehe tatu ya mwezi huu wa Oktoba, kwetu sisi ni za kuangalia tu. Aliyeamua hivyo si sisi. Ni ofisi yako.

TULIKOTOKA

Wengi wetu ni watoto na wajukuu wa wachimba makaa. Mgodi uliwapa babu zetu nyumba za matofali mekundu zilizoshikana bega kwa bega, na nyuma ya kila nyumba kipande cha bustani. Mtu alitoka chini ya ardhi, akanawa uso, akainama tena juu ya ardhi ile ile: liki, kabichi, maharage, sungura wawili kizimbani. Hakuna aliyekiita chakula hicho cha asili, wala cha afya. Kiliitwa chakula. Mgodi ulipofungwa nyumba zikakarabatiwa, na bustani zikamwagiwa lami ziwe maegesho. Wengi wetu hatuna magari. Tumeachiwa lami safi kabisa ya kutazama kupitia dirisha la jikoni.

Kilichobaki ni masazo. Desturi hii ni kongwe kuliko mgodi wenyewe: mkulima akishavuna, kinachosalia shambani ni cha mwenye kuinama. Ina masharti matatu, na mtoto wa hapa huyajua kabla hajajua kusoma. Usiingie mpaka mashine ya mwisho itoke. Usiingie kabla jua halijachomoza wala baada ya kutua. Na uingie mikono mitupu, bila jembe, bila reki, bila uma, kwa sababu mwenye chombo huchimba, na anayechimba anavuna, na kuvuna ni haki ya mwenye shamba. Sisi huokota.

Marehemu Mzee Aimable Delfosse, aliyelima shamba lile miaka arobaini, alikuwa akimaliza kuvuna hupiga honi ya trekta mara tatu, kisha anapaza sauti, "Haya, njooni mle, msiwaachie panya!" Alipofariki, warithi walikodisha shamba kwa kampuni ya mboga za kugandishwa. Kampuni haina honi. Ina mlinzi.

TUNACHOJIVUNIA

Tuko kaya thelathini na nane. Tunaokota viazi vilivyo vidogo kuliko tundu la chekecheo, karoti zenye miguu miwili, liki nyembamba kama majani ya kitunguu, koliflawa iliyopigwa na jua siku moja ikawa ya manjano. Masika tunachuma mchunga kandokando ya njia za mashamba, na yale majani yawashayo, ambayo huwa mapole yakishaonja maji ya moto. Maharage tunayatia kwenye chupa za vioo kwa ajili ya majira ya baridi.

Kila Jumatano tunapika pamoja katika ukumbi wa parokia. Anayekuja anakula, na anayekula anafundishwa. Baba mmoja kijana, Steeven Macquart, aliyeko hapa leo, alilelewa kwa vyakula vya kupasha moto kwenye mashine. Jumatano yake ya kwanza alipewa kabichi. Akaigeuza, akaitazama chini, akauliza, "Hii inafunguliwa wapi?"

"Kwa kisu, baba," akajibiwa, na ukumbi mzima ukacheka, naye akacheka. Leo wanawe wawili wanagombania ukoko wa viazi vilivyookwa na liki, na Steeven ndiye anayewafundisha wageni.

Tunasema haya kwa sababu tumechoka kuambiwa kwamba watu wa Nyumba za Safu hawajui kula. Dukani, pesa zinazonunua nyanya sita zinanunua pizza mbili zinazoshibisha watu wanne. Mama mwenye watoto watatu akichukua pizza, msimwambie hajasoma bango. Amesoma bango, kisha akasoma na bei.

YALIYOTUPATA

Mheshimiwa, sehemu hii inamhusu mtu mmoja. Jina lake ni Bi Odette Vanhoutte, naye ameketi safu ya tatu, amevaa koti la kijani. Alitukatalia kabisa tusimtaje. Tulimbembeleza siku mbili. Mwishowe alisema, "Haya, nitajeni. Lakini mkiniita maskini mbele ya yule mama mkubwa, nanyanyuka nakwenda zangu, na supu ya Jumatano mtajipikia wenyewe milele." Basi hatutamwita hivyo.

Bi Odette ana miaka sabini na mmoja. Alishona mapazia kiwandani miaka thelathini na mmoja, na vidole vyake vimepinda kama kulabu, havikunjuki tena. Yeye ndiye mkuu wa sufuria yetu. Ana kisukari. Alipoanza kuokota na kupika nasi, miaka minne iliyopita, daktari alimpunguzia dawa mara mbili, na mara ya pili alimwuliza anakula nini. "Kinachobaki," akajibu.

Asubuhi ya tarehe mbili, mashine zilikuwa zimetoka katika kipande cha kwanza cha shamba. Jua lilikuwa juu. Bi Odette aliingia pamoja na wenzake. Usiku ule mvua ilikuwa imeushindilia udongo, na karoti zilizokatika zilikuwa zimebaki na shingo tu juu. Alivuta moja, ikamshinda. Akavuta ya pili, vidole vikateleza. Wenzake walikuwa wameshafika mbali, na hakutaka kuita mtu amng'olee karoti kama mtoto mchanga. Mfukoni mwa aproni alikuwa na kijiko cha supu, kwa kuwa ilikuwa Jumatano na alikuwa anaelekea jikoni. Akakitoa. Akakwangua udongo kidogo kuizunguka ile karoti, ikatoka. Akafurahi. Akakwangua ya pili.

Mlinzi wa kampuni, Bwana Ludovic Hennion, ambaye mama yake anakula kwetu kila Jumatano, alisimama juu yake na simu mkononi.

"Bibi, hicho ni nini?"

"Kijiko, mwanangu. Kwani nyumbani mnakunywa supu kwa viganja?"

"Bibi Odette, usinitanie. Hicho ni chombo."

"Ni chombo, ndiyo. Cha mezani."

"Unachimba."

"Nakwangua. Njoo basi uning'olee wewe mwenye vidole, nikirudishe mfukoni."

"Siruhusiwi kugusa. Na picha nimeshapiga. Nisamehe, bibi, nina bosi na mimi."

Mheshimiwa, Bi Odette alikosea. Tunasema wazi, kwa kuwa yeye mwenyewe alitangulia kusema. Jioni ile ile alisimama mbele yetu, akaeleza alichofanya, akaomba radhi, na akakubali adhabu yetu ya zamani: asiingie shambani wiki mbili. Karoti mbili alizozitoa alizipeleka kwenye lango la kampuni, akaziacha pale, zimeoshwa. Desturi ilikwisha kulitibu kosa lake.

Lakini picha ilikuwa imeshasafiri. Ikafika kampuni, ikatoka kampuni ikaenda ofisini kwako, na kesho yake tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa halmashauri. Tunanukuu: "Kwa kuwa watu kadhaa wameonekana na vifaa vya kuchimbia, ni marufuku kwa mtu yeyote kuingia katika mashamba yote yaliyovunwa."

Watu kadhaa. Vifaa vya kuchimbia. Mgeni rasmi, tumesikia hadithi ya sufuria iliyozaa, lakini ya kijiko kilichozaa hatukuwahi. Alikuwa mtu mmoja mwenye kijiko kimoja. Nani aliongeza hilo neno kadhaa? Alipokuwa akiliandika, alituona sisi ni nani? Tuliandika barua mara tatu kuuliza. Tulijibiwa mara moja, kwa kijitabu chenye picha za rangi, kiitwacho Kula Vizuri kwa Bajeti Ndogo.

Kipande kile kililimwa baada ya siku tano. Tulisimama ng'ambo ya mtaro tukitazama plau ikifukia chakula. Kaya thelathini na nane zimesimama kwenye mvua zikitazama karoti zinazikwa, na mlinzi ameinamisha kichwa. Hakuna aliyezitaka. Kampuni haikuzitaka, mashine haikuzitaka. Ilionekana ni afadhali zioze kuliko sisi tuzile.

Tangu hapo sufuria ya Jumatano imekuwa nyepesi, na Bi Odette haji jikoni. Anaona aibu, anasema ni yeye aliyetufungia lango. Anakula tambi za pakiti na mkate mweupe. Wiki iliyopita sukari ilipanda, na daktari alimwambia bila kumzungusha kwamba vidole viwili vya mguu wake wa kushoto viko hatarini kukatwa. Mshauri wa lishe kutoka Idara ya Afya alimtembelea nyumbani, dada mpole sana, tunamshukuru. Alimwambia, "Mama, ungejaribu kinoa."

"Kinoa ndiyo nini?"

"Ni nafaka, mama. Inatoka milimani, Amerika ya Kusini. Ni nzuri mno kwa sukari."

Bi Odette akamtazama. "Imetoka mbali hivyo, dada yangu, na mimi nimekatazwa kuvuka barabara."

Tuna hasira, Mheshimiwa. Tuliambiwa tuliondoe neno hilo katika risala hii, na tumeliacha. Hatuna hasira na mboga za plastiki, hazijamkosea mtu. Tuna hasira kwa sababu serikali ile ile, katika mwezi ule ule, inatufundisha kula karoti kwa mkono mmoja na kuzifukia kwa mkono wa pili, halafu inaandika ukutani kwamba uamuzi ni wetu.

OMBI

Katika kikao chetu cha Jumapili tulikuwa na maombi tisa. Tulitaka bustani zetu zirudishwe. Tulitaka jiko jipya. Tulitaka basi la kwenda sokoni mjini. Ndipo Mzee Zygmunt Walczak, aliyeshuka mgodini akiwa na miaka kumi na sita na ameshasikiliza wageni rasmi wengi kuliko sisi sote, akainua mkono.

"Mkimwomba mkubwa vitu tisa," akasema, "atawapa kalenda."

"Sasa tuombe vingapi, mzee?"

"Kimoja. Tena kiwe kitu asichoweza kusema hana."

Tulibishana sana. Tumefuta manane.

Tangazo lile linakwisha keshokutwa, Ijumaa. Tunajua kwamba barua ya kulirefusha hadi mwezi wa Machi imeshachapwa, na iko mezani kwako ikingoja saini. Kipande kikubwa cha shamba kinavunwa leo na kesho na Ijumaa. Plau inaingia Jumatatu. Kati ya hapo kuna Jumamosi na Jumapili.

Hatukuombi fedha. Hatukuombi kamati, wala ziara nyingine, wala kijitabu. Ombi letu ni jepesi kuliko yote uliyowahi kusomewa: usifanye kitu. Usiisaini ile barua. Iache mezani mpaka Jumatatu, na kaya thelathini na nane zitabeba nyumbani supu ya miezi mitatu.

Na jambo moja zaidi, si ombi, ni taarifa, ili usije ukasema hukuambiwa. Adhabu ya Bi Odette kwetu imeshakwisha. Jana alikuja tulipokuwa tukimalizia risala hii, mara ya kwanza tangu siku ile, akichechemea. Alisema Jumamosi jua likichomoza atakuwa shambani, mikono mitupu, na hatauliza kwanza kama umesaini au hukusaini. Tulimsihi asubiri. Akasema miguu yake haina muda wa kusubiri. Basi tumeamua kwamba hatakwenda peke yake. Wenye vidole vizima watamtangulia, watainama, watazilegeza karoti udongoni kwa mikono yao, na yeye atazichukua. Bwana Hennion atakuwepo na simu yake, na safari hii tutamwomba ahesabu vizuri watu na vifaa kabla hajaandika. Kama umesaini, atakuwa anapiga picha ya wahalifu thelathini na wanane. Kama hukusaini, atakuwa anampiga picha bibi mmoja na majirani zake, wanatafuta chakula cha mchana.

Tunakutakia urejee salama, mvua ikuhurumie njiani, na nyumbani kwako pasikosekane kitu kibichi kilichotoka ardhini, na mikono ya kukipika, na afya ya kukila. Mungu akupe usingizi mwema usiku wa Ijumaa.

Ni sisi,
Waokota Masazo wa Bréquemont
Imesomwa kwa niaba yao na katibu, Maëlle Crépin