Ng'ombe wa Mdogo Wangu na Mashine ya Karata

Siku mama aliponiambia, "Ng'ombe wa mdogo wako wakae chini ya mkono wako, wewe ndiye msomi," nilipaswa kukataa. Nikasema, "Ndiyo, mayu." Ndugu zangu wa kikundi hiki, naanzia kwenye ndiyo hiyo kwa sababu mengine yote yalitoka humo. Majina ya watu nitayaacha. Langu mnalijua, na aibu ni yangu.

Ng'ombe hao walikuwa mahari ya dada yetu. Kwetu mahari ya dada ndiyo inayomwozea kaka yake. Mimi nilishaoa, zamu ilikuwa ya mdogo wangu. Alikuwa na mchumba upande wa Songwa, binti mcheshi aliyekwishazoeana na mama yetu. Kilichobaki ni pamba ivunwe, wazee wakae, ng'ombe waswagwe hadi kwa wakwe.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa karani kwenye kambi ya kampuni moja iliyokuwa ikichoronga miamba kutafuta dhahabu upande wa Geita. Elimu yangu ya sekondari ilinipa kiti mbele ya kompyuta, na watu wetu wakaniona kama waziri. Mtaalamu mmoja wa miamba, mgeni, alikuwa ameweka humo programu iliyoiga mashine ya kamari. Inakupa karata tano, unachagua za kushika, nyingine unatupa na kupewa mpya. Ukichagua vibaya inalia, kisha inakuonyesha ulichopaswa kushika.

Nawaambia, ile programu ilinifundisha kuliko mwalimu yeyote. Ukiwa na kopa nne, na moja yao imeunda jozi ndogo na karata ya tano, vunja jozi, shika kopa. Jozi ikiwa ya wafalme, shika wafalme, kopa ziende zake. Nilijifunza kila mchana wenzangu wakila ugali, hadi ikawa hailii tena. Yule mgeni akanipiga begani: "Bwana karani, sasa wewe ni mashine."

Sifa ile ilinilevya. Ningekuwa na akili ningekumbuka kwamba kwenye kompyuta, ukifilisika unabonyeza kitufe kimoja, pesa zinarudi.

Mjini kulikuwa na klabu yenye mashine ya kweli. Nikaanza kwa mshahara wangu. Wachimbaji waliotoka mashimoni na vumbi miguuni walinizunguka.

"Kaka msomi, shika hiyo malkia!"

"Niache, nina hesabu zangu."

"Hesabu gani, mbona mfuko unapungua?"

Walicheka, nami nikacheka nao. Mshahara ulipokwisha nikamkumbuka ng'ombe mmoja. Nikamuuza mnadani, nikajiambia namwazima tu. Baadaye nikamwazima mwingine.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo naona haya zaidi. Mashine ya klabu ilikuwa na kibao cha malipo kwenye kioo, na kopa tano zililipwa pungufu kuliko kwenye programu yetu. Nililiona hilo tangu siku ya kwanza. Mwishowe nikaingiza malipo ya klabu kwenye kompyuta, nikaiamuru icheze yenyewe, bila kosa hata moja, nami nikaenda kula. Niliporudi mfuko wake ulikuwa mtupu. Nikaianzisha tena. Mtupu. Hata anayecheza bila kukosea, mashine ile ingemmaliza.

Kwa hiyo msinihurumie kama mtu aliyedanganywa. Kompyuta iliniambia ukweli mchana kweupe. Nikaizima, nikaenda mnadani kuuza ng'ombe waliobaki.

Mama alipouliza zizi mbona jeupe, nilisema nimewabilisa, yaani nimewakabidhi kwa rafiki yangu wa Kishapu awachunge, maana huko malisho ni mazuri. Nani angeshangaa? Mtu wa kwetu hawaweki ng'ombe wake wote mahali pamoja. Nilichukua desturi ya uaminifu nikaifanya blanketi la wizi.

Pamba ilivunwa, wazee wakapanga siku. Mdogo wangu hakunisubiri. Alikwenda mwenyewe Kishapu kuwafuata ng'ombe wake, fimbo mkononi, akiimba, nilivyosimuliwa. Rafiki yangu akamuuliza, "Ng'ombe gani tena, bwana mdogo?"

Alirudi akanikuta uani. Hakupiga kelele.

"Kaka, ng'ombe wako wapi?"

"Wapo, kuna jambo dogo nali..."

"Kaka. Nakuuliza mara ya mwisho. Wako wapi?"

"Nimewacheza kamari."

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua choroko. Akaendelea kuchambua. Sikuwahi kusikia neno lake juu ya jambo lile, wala sikuthubutu kuliuliza.

Binti wa Songwa aliolewa kwingine. Mdogo wangu akaondoka kwenda Runzewe. Kazini nikafukuzwa, maana nilishaanza kutoonekana. Nilirudi kwenye jembe, wala hata hapo sikutubu upesi. Niliacha pale tu mke wangu aliponiambia, "Ukienda tena klabu, usirudi hapa." Nikamwona hatanii.

Namshukuru mke wangu, aliyeshika kila senti iliyoingia nyumbani. Namshukuru shemeji yangu, mume wa dada, ambaye ng'ombe wake niliwala na bado alinikaribisha mezani. Namshukuru mfanyabiashara mmoja Mhindu wa hapa Shinyanga. Alijua habari zangu zote, akaniajiri dukani: "Utapima mbegu, Bwana. Droo ya pesa usiiguse, tutapatana." Tulipatana miaka mingi. Nanyi wa kikundi hiki nawashukuru kwa kunipa kiti.

Vijana mnaobeti kwenye simu, mnaniambia mna mbinu. Nawaamini. Mimi pia nilikuwa nayo, na ilikuwa sahihi. Ukijua kucheza vizuri mchezo uliopangwa upoteze, umejua tu kupoteza taratibu. Na ukiona unaficha unakotoa pesa, simama hapo hapo, mwambie mtu.

Nilipoweza kununua ng'ombe wengine niliwapeleka Runzewe. Mama alikuwa amekwishafariki. Mdogo wangu ana mke na watoto, aliowapata kwa jasho lake bila msaada wetu. Aliwapokea ng'ombe vizuri, akaniletea maji ya kunywa, akasema, "Ahsante, mzee. Safari njema."

Nilikuwa na mdogo mmoja tu, na alikuwa akiniita kaka. Nilimpoteza.