Nilijitangazia Madeni Nikiwa Hai

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wengine, habari zenu. Nawashukuru wanakikundi wa Nyakatuntu kwa kunialika. Nimetoka Rugu kwa pikipiki, vumbi mnaliona hadi kwenye nyusi, lakini nimekuja na furaha. Majina ya watu sitayataja. La mkosaji mnalo tayari, ni mimi.

Baba yangu aliniachia kibanja: migomba, kahawa, na nyuma ya nyumba makaburi yake na ya mama. Kwetu mwenye kibanja haitwi maskini, na kiburi changu kilianzia hapo. Mwaka mmoja karo ilinibana, nikauza butura. Mnacheka, mnaijua! Kwa mgeni aliye hapa, butura ni kuuza kahawa ikingali maua mtini. Mnunuzi anakupa fedha kidogo leo, ikiiva anakuja kuchuma yote. Imekatazwa, lakini mwenye shida hasomi tangazo la kijiji.

Msimu ulipofika sikuwa na cha kuvuna. Nikauza maua ya mwaka uliofuata. Kisha, ndugu zangu, nawaambia bila kuficha, maua yaleyale ya miti ileile nikamuuzia mtu wa pili. Halafu wa tatu, wala sikuishia hapo. Mke wangu hakujua lolote. Aliyekuja kunidai nilimwahi njiani, nikamnunulia pombe ya rubisi na kumwambia asifike nyumbani, kuna mgonjwa. Uongo mtupu.

Basi ugonjwa wa kweli ukaja. Kifua kilinibana nikalazwa, na huku nyuma uvumi ukaenea kwamba nimekufa. Siku niliyoruhusiwa, tuliposhuka pale nyumbani, mke wangu akitangulia, tulikuta wanaume watatu na magunia yao chini ya kahawa, wanagombana.

"Shemeji, pole," alisema mmoja wao, mzee mwenye duka mjini, na kofia yake ya Kiislamu kichwani. "Hii mumeo aliniuzia tangu ikiwa maua."

"Na mimi je?" akadakia wa pili. "Mimi nilinunua kabla yako!"

Wa tatu aliendelea na kazi. Alikuwa anachuma hata mbichi.

Waliponiona nimesimama wakaachia magunia. Mke wangu akawasalimu, akawaomba waende, warudi wakiitwa. Tukaingia ndani. Akanimiminia uji, akasubiri ninywe, kisha akaniita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, kama anavyoniita siku zote.

"Ungekufa juzi, pale kaburini wangetangaza: anayemdai marehemu aje aonane na familia. Wangesimama wangapi?"

"Watatu."

"Sema kweli."

"Watano."

"Na mimi ningewapa nini? Makaburi ya wakwe zangu?"

Yeye hakulia. Mimi nililia, tena kwa sauti. Niliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Wiki hiyohiyo nilimfuata kwenye kikundi chake cha kuweka na kukopa. Akina mama walidhani nimekuja kumpigia kelele. Nikavua kofia, nikasema: "Natoa tangazo langu mwenyewe, kabla hamjanitolea. Anayenidai aje aonane na mimi. Bado nipo." Wakaniuliza ni wangapi. Niliposema "watano" kifua kilifunguka kuliko kwa dawa zote za hospitali.

Mama mwenyekiti wa kikundi aliwaita wote watano uani kwetu. Yule mzee wa duka akaanza: "Mimi faida nimesamehe kwa ajili ya Mungu. Nirudishie nilichotoa." Wenzake wakaona aibu kudai zaidi. Mmoja alinung'unika mpaka ndizi zikaiva jikoni, lakini naye akakubali kulipwa kidogo kidogo. Niliuza ng'ombe. Nikaenda Kituntu kulima kibarua, mimi mwenye kibanja! Walionijua walinicheka, nikaendelea kulima. Msimu wa tatu nikammaliza wa mwisho.

Nilidhani nimefika. Mama mwenyekiti akaniuliza, "Na kibanja, ukiondoka ni cha nani?" Nikaandika wasia mbele ya mashahidi: nyumba na kahawa ni vya mke wangu, watoto wote wametajwa, wa kike na wa kiume, na makaburi hayauzwi. Kaka zangu walisema najiitia kifo. Nikawajibu kwamba nimeshakufa mara moja kwa uvumi, na niliyoyakuta niliporudi sitaki mke wangu ayakute.

Nakushukuru mke wangu, uliyeketi hapo unaangalia chini. Nawashukuru akina mama wa Rugu, na mzee wa duka popote alipo, Mungu amzidishie. Na ninyi, ndugu zangu, nawaomba jambo moja. Leo ukifika nyumbani, mwambie mwenzako unadaiwa na nani. Mwambie ukiwa umeketi mezani, asije akaambiwa na watu akiwa amesimama kaburini.

Mwaka huu kahawa yetu imetoa maua meupe pe, na hayana mwenyewe mwingine. Siku yangu ikifika, tangazo litasomwa kama ilivyo desturi: anayemdai marehemu ajitokeze. Mke wangu atainua macho, atawatazama watu wote. Na hakuna atakayesimama.