Misa na Ndugu Zake

Mbele ya duka la Mama Gertruda, pale Matiri, pana benchi la mbao ambalo wazee hawalihami hata kahawa ikiwa imeiva shambani. Jumamosi hiyo katekista Othmar alifika na jambo moyoni. Watoto wa komunyo ya kwanza walikuwa wamemuuliza neno Misa maana yake nini, naye akawaahidi jibu mchana huo. Asubuhi alimkimbilia Paroko, aliyekwisha kupanda pikipiki. “Ni Kilatini,” Paroko alimwambia. “Mittere, kutuma, kuruhusu mtu aende. Zamani padri alimalizia kwa kusema Ite, missa est: nendeni, mmeruhusiwa.” Akawasha, akaondoka.

— Basi jibu unalo, alisema Valence, aliyeitwa Mwenyekiti kwa kuwa hakosi kwenye kamati yoyote. Unahangaikia nini?

— Watauliza kwa nini ibada nzima ipewe jina la kuagana.

— Kwa sababu hapo ndipo watu huchangamka, alisema Pankras, ambaye kijiweni ni Redio.

— Na misheni, Mwalimu? Gertruda alimuuliza Othmar.

— Mtoto wa mittere. Ni waliotumwa. Nilisoma hata kamati na kamishna ni wajukuu zake.

Valence akajiweka sawa.

— Kumbe kamati yangu ni ndugu wa Misa.

— Ndugu aliyepotoka, alidakia Redio. Misa huwa inaisha.

Gertruda alicheka huku akimimina kahawa.

— Basi mimi nikimtuma mjukuu chumvi, nimeadhimisha.

— Mnajisumbua, alisema Redio. Sisi tunasema tuma, wao mittere. Si herufi zile zile, M na T? Warumi walipita hapo jirani, Litumbandyosi, wakabeba neno letu, likageuka kwa mtikisiko wa njia.

— Walipita lini? aliuliza Othmar.

— Kabla ya barabara.

Katarina, muuza usipa kutoka Mbamba Bay, alikuwa ametua ndoo yake ya samaki akisikiliza.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mama.

— Nauliza tu. Kwetu ziwani mtu akitumwa, anajua aendako. Ninyi kila Jumapili mkishatumwa, mnakwenda wapi?

Gertruda akawatazama wote, benchi zima.

Othmar aliinuka, akakung'uta suruali. Sasa alijua kwa nini ibada ilipewa jina la kuagana: kuagana huko ndiko kutumwa. Ila aliwafahamu watoto wake: akishawaeleza tu, mmoja wao atanyoosha mkono na kuuliza swali hilo hilo la Katarina, na atakuwa anamtazama yeye.