Katuni za Babu Alimasi Juu ya Vichanja vya Ndagala

Mheshimiwa Administreta wa komini yetu, Bwana Direkteri wa shule yetu, Shehe wetu, walimu, wazazi, na ninyi mama zangu wauza ndagala mlioacha vichanja vyenu vya samaki jua likiwaka: amahoro.

Mimi ni Sumaya, mjukuu wa marehemu Alimasi, fundi wa mashine za boti, ambaye katuni zake ndizo zinazofungua chumba hiki cha kusomea leo. Shuleni nasoma kwa Kifaransa, nyumbani naongea Kiswahili, na katika lugha zote mbili sauti yangu hupotea watu wakinitazama. Kwa hiyo mtanisamehe nikitazama ukuta.

Babu alivikusanya vijitabu hivi vya katuni bandari kwa bandari, Uvira, Kalemie, Kigoma, wakati wenzake wakinunua vitenge na redio. Alitafuta zile za zamani, zilizochapwa mara moja tu na hazikurudiwa. Ukitaka kusoma, kwanza unanawa kwa sabuni, maana Rumonge hii nani hana mawese mikononi? Alipoanza kuugua, alimwita Bwana Hakimu, mkusanyaji wa katuni kutoka Bujumbura, aje azithamini na kuzinunua, ili mimi niendelee na masomo.

Kabla Bwana Hakimu hajafika, ziwa lilipanda likaingia nyumbani. Sisi tulimbeba Babu. Jirani yetu Mama Batuli, muuza ndagala, ndiye aliyerudi ndani, maji yakiwa kiunoni, akatoka na sanduku la katuni kichwani. Kisha akafanya anachofanya kila mtu wa pwani hii akiwa na kitu cha thamani kilicholowa: alianika. Alizifungua moja moja juu ya kichanja, kwenye jua kali, akazigeuza adhuhuri, akafukuza kunguru kwa fimbo, huku ndagala zake mwenyewe zikiozea kikapuni. Nani kati yetu angefanya vingine?

Bwana Hakimu alipokuja, alizishika kama mtu anayeshika mgonjwa. Sina neno baya juu yake. Alitueleza kwa upole kwamba karatasi ya aina hii hukaushwa kivulini, na karatasi nyeupe kati ya kurasa. Jua limekula rangi, majalada yamejikunja.

"Kwa wakusanyaji, thamani yake imekwisha," akasema.

Mama Batuli alikuwa amesimama pale pale. "Kumbe maji yalichukua nusu," akasema, "nusu nyingine nimeimaliza mimi."

Babu akajaribu kumchekesha: "Acha hiyo, Batuli. Sasa zinanuka ndagala, hata mapaka watajifunza kusoma."

Hakucheka. Akajifunga kitenge vizuri, akaondoka, na tangu siku ile hajavuka kizingiti chetu. Hata kwenye matanga ya Babu, ndugu zangu, aliwapikia wageni wote nje karibu na ua, akaosha masufuria, akaenda zake bila kuingia.

Wageni waalikwa, nakiri kwamba mimi sijui kuthamini vitu. Lakini miezi ile ya mwisho nilikuwa namsomea Babu katuni hizi zilizofifia, na yeye, macho yamefumbwa, ananitajia rangi zilizoondoka: "Hapo gauni iko nyekundu. Hapo mbingu iko njano, mvua inakuja." Hakukosea. Wala hakulalamika. Alilouliza kila asubuhi, kabla ya chai na kabla ya dawa, lilikuwa moja: "Batuli amekuja?" Nami nikajibu, "Bado, Babu." Asubuhi ya mwisho aliuliza hivyo hivyo, nikajibu hivyo hivyo.

Mama Batuli, najua uko pale langoni, nyuma ya watu. Ulidhani nyumba yetu ina hasira nawe. Nilipaswa kuja kwako kukwambia, lakini kila nilipofika penye vichanja vyenu maneno yaliniishia, ndiyo maana nakwambia mbele ya watu wote hawa, ambako siwezi kukimbia. Babu hakukudai rangi. Alikukosa wewe.

Bwana Direkteri amekubali ombi la familia: hakuna atakayeingia katika chumba hiki kabla yako, hata Mheshimiwa, ambaye ameniambia atangoja.

Murakoze, nawashukuru kwa kunivumilia mpaka hapa. Sasa naomba wote tusimame, tumpishe Mama Batuli apite.