Don Eladio na Televisheni Yenye Uso wa Crispín

Mimi Wilfrido Ojeda ni mtu wa bahati, na mji wetu mzima wa Villarrica unajua. Nikitupa ndoano kwenye dimbwi la mvua natoa samaki. Nikienda harusini bila kualikwa napewa kiti cha mbele na mfupa wenye nyama. Mwaka juzi, kwenye bahati nasibu ya wafanyakazi wa duka letu, jina langu ndilo lililochomolewa, nikarudi nyumbani na televisheni ya OLED, ile pana kama mlango wa kanisa, ambayo wengine mnaishia kuipangusa vumbi. Basi mtu mwenye nyota kama hiyo ndiye aliyepewa kuandika wasifu huu. Wenzangu waliangalia mwandiko wao, wakaona aibu, wakanisukumia kalamu.

Tuingie kwenye shughuli. Don Eladio Cañete anastaafu leo, tarehe 30 Juni, baada ya kulitumikia Duka la Familia Almirón kwa miaka thelathini na mitatu, yote kwenye kaunta ya televisheni. Alianza zama zile televisheni ina mgongo kama kobe na inabebwa na wanaume wawili wanaotukanana ngazini. Anatuaga zama hizi ambazo televisheni ukiitazama kwa ubavu unadhani imeibiwa.

Siku hizo za mwanzo, kuuza hakukutosha. Ukishauza unapanda juu ya paa la mteja kufunga antena, huku mwenye nyumba anapiga kelele kutoka ndani: geuza, rudisha, hapohapo usipumue. Mwaka wake wa kwanza Don Eladio aliteleza akatua juu ya banda la kuku. Kuku wawili walifariki. Mteja akawachemsha, akamkaribisha chakula, na mwezi uliofuata akaja kununua redio. Mimi nimetembea, nimefika Asunción, nimefika Posadas, nimebeba zege Buenos Aires, sijaona muuzaji mwingine anayeanguka juu ya mali ya mtu akapewa supu.

Silaha yake ilikuwa tereré. Pembe yake ya kunywea haikukauka kuanzia duka linapofunguliwa. Mteja akiingia na jasho anapokezwa, anavuta maji ya baridi yenye majani, anarudisha, anavuta tena. Mkishanyonya mrija mmoja, kwenda duka la jirani ni kama kumsaliti ndugu. Ubao wa Muuzaji Bora wa Mwezi, ule ulio juu ya mlango wa ofisi, ulijaa jina lake mpaka fundi wa kuchonga herufi akasema zimeisha C za Cañete.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito. Nilimuuliza Don Eladio kama niyaandike haya, nikitegemea atanikatalia tuendelee na nyama inayochomwa pale. Akasema niandike, nikiyaacha nitakuwa nimeandika habari za mtu mwingine.

Wauzaji wote wa duka hili tulikuwa na sentensi moja. Hakuna aliyetufundisha, tuliirithi kama mafua. Mteja akisitasita kati ya kitu ghali na kitu rahisi, akauliza wewe nyumbani unatumia kipi, unagonga kile cha ghali kwa kiganja na kusema: kwangu nina hii hii. Don Rufino wa viyoyozi aliisema ilhali kwake analala na feni yenye mapanga mawili. Mimi niliisema kwenye friji. Hatukuona ni uongo. Tuliona ni adabu ya kaunta, kama kusema karibu tena.

OLED ilipofika kwetu, hakuna aliyeieleza kama Don Eladio. Alikuwa anaziweka mbili sambamba, hiyo na LCD ya bei nafuu, anawaambia watu: hii ya bei nafuu ina taa moja kubwa nyuma ya pazia, hata ukitaka giza, mwanga unavuja. Hii nyingine kila nukta ina kibatari chake, ikitaka giza inazima, basi usiku wake ni usiku kweli. Watu walikuwa wanaguna kama wako kwenye mahubiri.

Akaja mama yetu huyu, Ña Sinforiana Benegas wa kule Itapé, mke wa Crispín, yule dereva wa lori la miwa aliyekuwa anapiga honi kwa kila nyumba yenye jamaa yake, yaani kila nyumba. Crispín alikuwa mgonjwa, hatoki tena kitandani ila kuketi barazani. Kijana wao aliyeko Hispania alikuwa ametuma fedha ili baba yake aone mpira vizuri. Ña Sinforiana alisimama kati ya zile televisheni mbili, mkoba ameukumbatia. Akaeleza kwamba nyumba yao ni milango mitupu, jua linaingia asubuhi mpaka jioni, na yeye anaona ile ya bei nafuu inatosha, kinachobaki wanunue dawa.

Alikuwa sahihi. Kwenye nyumba ya jua, LCD nzuri inang'aa vya kutosha, na hainung'uniki ukiisahau imewaka. Don Eladio alilijua hilo kama anavyojua njia ya kwenda kwake. Lakini ilikuwa mwisho wa mwezi, mimi nilikuwa nimebakiza kuuza mashine moja tu ya kufulia nimpite kwenye ubao, na nilikuwa namchokoza tangu asubuhi kwamba fundi aanze kuchonga O ya Ojeda.

Ña Sinforiana akamuuliza, "Sasa wewe, Don Eladio, nyumbani kwako umeweka ipi?"

Akagonga ile ya ghali kwa kiganja. "Hii hii, mama."

Akanunua hiyo. Hakuuliza tena kitu. Na Don Eladio hakumwambia lile ambalo kila anayeuza OLED anapaswa kusema kabla ya kufunga boksi, kwamba picha isiyosogea usiiache kwenye kioo kwa siku nyingi, maana vile vibatari vinachoka kwa kufuata ile picha, na kivuli chake hakitoki. Angesema hivyo mama angeogopa akarudi kwenye LCD, na ubao ungepata O.

Crispín aliona mechi za kutosha, namshukuru Mungu. Akafa kabla ya miwa kukatwa. Mnajua sala za siku tisa zilivyo: mishumaa haizimwi, watu wanaingia na kutoka, kahawa, vimkate vyetu vya jibini vya chipa, mama msalishaji anapokezana na mwenzake. Picha pekee ya marehemu ilikuwa ndogo ya kitambulisho. Mpwa wao akapata wazo, na msimcheke, mngekuwa ninyi mngefanya vilevile. Akaipiga ile picha kwa simu, akaiweka kwenye televisheni, Crispín akatokea mkubwa kama mtakatifu wa madhabahuni, na kofia yake. Majirani walilia kwa uzuri wake. Mshumaa haukuzimwa, na Crispín naye hakuzimwa, siku zote tisa.

Sala zilipokwisha wakaweka mpira. Uwanja ukatokea, majani ya kijani, na katikati ya majani Crispín. Wachezaji wakawa wanampita puani. Wajukuu walicheka kwanza. Kisha bibi yao akatoka nje.

Alikuja dukani siku ya soko, duka limejaa. Hakupandisha sauti. Meneja wetu wa wakati ule, ambaye hayupo tena nasi kwa sababu nyingine, alimweleza kwamba waranti haihusu picha iliyoachwa na mteja mwenyewe, na aliieleza kwa sauti ya kusomea tangazo. Ña Sinforiana alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akampita, akaenda hadi kaunta ya televisheni.

"Nimekuja kukuuliza wewe. Ya kwako, Don Eladio, imechora sura ya nani?"

Nilikuwa karibu. Nikashika kitambaa nikaanza kupangusa friji ambayo ilikuwa safi. Don Rufino aligeukia viyoyozi vyake. Duka zima la wauzaji hodari tulipangusa, maana kila mmoja alijua kwamba swali lile lingeweza kugeuka na kumtazama yeye. Don Eladio alishika pembe yake ya tereré, akaiweka chini, akaishika tena.

"Sina, mama," akasema. "Kwangu nina ile ya bei nafuu. Hii sijawahi kuwa nayo."

"Ungeniambia hivyo siku ile. Mimi nilikuja kununua ya kwako, sikuja kununua ya dukani."

Akatoka. Nimesikia matusi kwa Kihispania, Kiguarani na kwa lugha ya mafundi wa Buenos Aires. Hayo maneno hayakuwa tusi, na sijaona mwanaume akipigwa hivyo na kubaki amesimama.

Jumapili Don Eladio alifunga LCD mpya, ya fedha yake mwenyewe, nyuma ya gari la shemeji yake, akaenda Itapé kumbadilishia. Alitegemea kufukuzwa. Ña Sinforiana alimfungulia, akamwonyesha ukuta, akamwacha afunge mwenyewe, wala hakumpa maji, jambo ambalo kwetu ni kama kupigwa kofi. Kilichobaki ni ile yenye uso wa Crispín. Mjane akasema kumtupa mume wake hawezi, na kutazama tamthilia huku marehemu anamkazia macho hawezi pia. Akampangusa Crispín uso pale kwenye kioo kwa pindo la aproni. Kisha akamwambia Don Eladio: "Wewe ndiye utakayekaa naye. Ukimwona utakumbuka."

Kwa hiyo Don Eladio, ambaye alidanganya kwamba ana OLED nyumbani, akawa nayo. Ipo sebuleni kwake mpaka leo, na Crispín yumo. Mkewe, Ña Obdulia, mwanzoni alikataa kumenya muhogo mbele ya mwanaume asiyemjua. Kisha akaanza kumsalimia. Nimekwenda pale kutazama mpira, na kila golikipa akisimama katikati anavaa kofia ya Crispín. Nilitania mara moja. Don Eladio hakucheka, na mimi sikurudia.

Tangu hapo jina lake halikuchongwa tena kwenye ubao, na wengine mlioajiriwa baadaye mlidhani ni uzee. Haukuwa uzee. Kila mteja aliyemjia alimuuliza kwanza: madirisha yako yanatazama wapi, mnaiacha imewaka, nani atatazama na anatazama nini. Anayetazama filamu gizani, mwenye uwezo, alimpa OLED kwa moyo mweupe na kumwonya yote. Wengi waliondoka na LCD wakiwa wameridhika. Na akiulizwa ana ipi nyumbani, alikuwa anajibu, "Ninayo ya ghali, nimeiharibu kwa ulimi," halafu anawasimulia wateja habari yote, hata wale waliokuja kuulizia betri tu. Ile sentensi yetu ikatushinda kusema yeye akisikia. Asipokuwepo, sitawadanganya, tulijaribu.

Familia Almirón walimuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa, wakamwonyesha OLED ya mwaka huu. Ameomba LCD ndogo ya jikoni, ili Ña Obdulia apate kutazama tamthilia zake bila mgeni.

Ña Sinforiana tulimwalika kwa wasiwasi. Kwa miaka hii yote wamesalimiana sokoni kwa kichwa tu, na siku ya wafu Don Eladio amekuwa akipeleka maua Itapé na kuyaacha kwenye geti. Nilitumwa mimi kupeleka mwaliko. Aliusoma wote, akaukunja, akasema atakuja, ila Don Eladio asimuuzie kitu. Leo ameketi pale mbele karibu na moto wa nyama, na chipa mnazotafuna tangu mlipofika amezikanda yeye. Alipoingia, Don Eladio alisimama na pembe yake mkononi, hajui aipeleke wapi. Akamtilia maji, akampa. Yule mama aliipokea, akavuta mpaka ikaguna, akairudisha kwake na kumwambia amejaza majani mengi mno, kama kawaida ya watu wa dukani.

Don Eladio, kwa niaba ya wote tuliojifunza kwako kuuza, na tuliochelewa kujifunza lile lingine, asante. Asante kwa tereré, kwa kutupandia mapaa, na kwa kusema ukweli mbele ya duka lililojaa huku sisi tumeshika vitambaa. Mungu akupe afya, akupe mchana mrefu wa kukaa barazani, na timu ya taifa inayofunga mabao. Ukae salama wewe, Ña Obdulia na yule mwenzenu mwenye kofia.

Mimi bahati nasibu sikushinda. Haikuwahi kuwepo. Kwangu nina LCD ya zamani yenye mstari ubavuni, na wateja watatu wiki hii nimewaambia nina OLED.